Kiti cha Studioni Dar: Namna ya Kupanga Safari ya Kushuhudia Kipindi cha Televisheni

Kiti cha studioni ni cha bure kwa vipindi vingi vinavyotengenezwa Dar es Salaam, lakini kinakula siku nzima. Kipindi cha saa moja hewani kinaweza kukuweka ndani ya geti kwa saa nne au tano. Ongeza foleni ya Barabara ya Bagamoyo, jua limeshazama. Kwa hiyo anayetoka Morogoro, Tanga, Unguja au hata Mbagala, apate kiti kwanza, ndipo aupange mji kukizunguka kiti hicho. Anayeanza na Kariakoo asubuhi, akavuka Kigamboni mchana, akitumaini kuingia studioni jioni, ndiye anayeishia getini akimbembeleza mlinzi wakati mlango umeshafungwa.

Kupata mwaliko

Kwanza jua unakokwenda. ITV, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1994, iko Mikocheni kwenye eneo la viwanda vidogo. TBC nao wana studio zao za televisheni Mikocheni, na Clouds wako Mikocheni vilevile. Azam wako Tabata, kando ya Barabara ya Mandela. Mwaliko wa Mikocheni na mwaliko wa Tabata ni safari mbili tofauti: malazi tofauti, daladala tofauti, chakula cha mchana mahali tofauti.

Si kila kipindi kinahitaji watu wa kukaa. Taarifa ya habari haina hadhira, na vipindi vya asubuhi vya mahojiano kwa kawaida havina. Wanaohitaji watu ni midahalo, kama Malumbano ya Hoja ya ITV, pamoja na mashindano ya vipaji, vipindi vya wanawake na familia, vichekesho na burudani za sikukuu. Vichekesho na mashindano mara nyingi hurekodiwa kwenye kumbi za nje, na huko tiketi huuzwa kama za tamasha lolote. Kwa mgeni wa mara ya kwanza tunapendekeza mdahalo. Hadhira yake ni sehemu ya kipindi, si pambo la nyuma ya mtangazaji, na una nafasi ya kweli ya kushika kipaza sauti.

Vipindi vingi havitengenezwi na kituo chenyewe bali na kampuni za nje zinazonunua muda wa hewani. Ukipiga simu mapokezi ya kituo utaambiwa "hao si watu wetu", na wana haki. Tazama toleo la karibuni la kipindi hadi mwisho kabisa, maandishi yanapopanda, uandike jina la mtayarishaji na la kampuni. Kisha tafuta ukurasa rasmi wa kipindi, uone kama wametangaza tarehe ya kurekodi.

Ujumbe wako uwe mfupi na kamili: majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, umri, idadi ya watu, namba ya simu ya mtu mmoja anayewasemea wote, mnakotoka, na tarehe tatu mnazoweza kuja. Tarehe tatu, si moja, kwa sababu ratiba ya studio huhama mgeni mkuu anapoahirisha. Kikundi cha watu kumi hadi ishirini hukubaliwa haraka kuliko mtu mmoja. Anachoogopa mtayarishaji kuliko vyote ni viti vitupu kwenye picha, na kikundi cha VICOBA, kwaya au darasa la chuo kinampa uhakika wa safu mbili zilizojaa.

Usitume hela. Mtu akikuambia nafasi imepatikana ila utoe "ya usajili" au "ya kitambulisho cha kuingilia" kwenye namba ya simu, huyo ni ndugu wa wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Hata tiketi halali ya onyesho la ukumbini hulipiwa kwa namba ya malipo ya kampuni, na jina la kampuni hutokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri. Likitokea jina la mtu, ghairi.

Jambo moja dogo limeharibu safari nyingi, nalo ni saa. Watu wa studio hufanya kazi kwa ratiba ya saa ishirini na nne. Wakiandika "mfike 10:00" wanamaanisha saa nne asubuhi, wakati wewe unasoma saa kumi jioni. Jibu kwa maneno: "Ni saa nne asubuhi ya Jumamosi, sivyo?" Subiri jibu. Usikate tiketi ya basi kabla hujalipata.

Kufika

Muda ulioandikwa kwenye mwaliko ni wa kuwa getini, si wa kipindi kuanza. Kwa kawaida hutangulia kipindi kwa saa moja na nusu hadi mbili. Kwa kuwa nafasi ni za bure na watu wengi huahidi wasitokee, watayarishaji hualika wengi kuliko viti, kisha hukaa waliotangulia. Jina kuwepo kwenye orodha halikulindi ukichelewa. Sisi tunasema fika nusu saa kabla ya muda wa mwaliko.

Anayeshuka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, asiingie katikati ya jiji kabisa kama anakwenda Mikocheni. Daladala za Makumbusho hufuata Barabara ya Morogoro hadi Ubungo, zikakata Sam Nujoma, zikapita Mlimani City na kufika Mwenge. Kutoka Mwenge hadi Mikocheni ni mwendo mfupi tu kwa bajaji. Anayeshuka SGR yuko karibu na Gerezani: apande mwendokasi hadi Morocco, kisha daladala ya Mwenge inayopita Victoria, Makumbusho, Sayansi na Bamaga. Wa boti ya Zanzibar yuko Posta, na njia yake rahisi ni Barabara ya Ali Hassan Mwinyi moja kwa moja. Kwa Tabata, ama unatoka Ubungo kwa Barabara ya Mandela, ama, ukitokea uwanja wa ndege, unakuja na Barabara ya Nyerere na kukata Mandela pale TAZARA. Nauli elekezi ya daladala iliyotangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, Desemba 2023 ilikuwa shilingi 600 kwa safari isiyozidi kilomita 10, kwa hiyo tembea na noti ndogo na chenji.

Foleni ina mwelekeo. Asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu, magari yanaingia mjini. Jioni, kuanzia saa kumi hadi saa mbili usiku, yanatoka. Kipindi cha jioni Mikocheni kwa mtu anayetokea Posta maana yake ni kusafiri na foleni yenyewe. Kilomita kumi za Posta hadi Mwenge ambazo mchana unazimaliza kwa nusu saa hivi, jioni zinaweza kukuchukua saa moja na nusu. Dawa ni kuwa tayari Mwenge au Makumbusho ifikapo saa tisa alasiri. Siku za masika, Machi hadi Mei, angalia pia habari za Jangwani. Bonde la Msimbazi likijaa, Barabara ya Morogoro hufungwa pale na mwendokasi husimama, hivyo aliyeko mjini atumie Ali Hassan Mwinyi au Daraja la Tanzanite.

Malazi ya anayekwenda Mikocheni ni Sinza, Mwenge au Kijitonyama, ambako nyumba za wageni ni nyingi na usiku unarudi kwa bajaji. Usije studioni na begi la safari. Walinzi hawana stoo, na mizigo mikubwa huachwa getini kwa dhamana yako mwenyewe.

Mavazi

Kamera ina chuki zake, na kila katazo lina sababu. Mistari myembamba na vidrafti vidogo huchezacheza kwenye picha, kwa sababu mistari ya kitambaa hugongana na mpangilio wa vitone vya kamera, na shati lako likaonekana kama maji yanayotetemeka. Nyeupe tupu huwalazimu mafundi kupunguza mwanga, na ukiwa na ngozi nyeusi uso wako unazama gizani huku shati likiwaka. Kijani kibichi kiepukwe kabisa pale panapotumika ukuta wa kijani wa kuwekea picha za nyuma. Kompyuta hufuta kijani chote inachokiona, na wewe utabaki kichwa na mikono. Vitenge vya maua makubwa hupendeza. Bluu, maruni, zambarau na rangi ya udongo ni salama siku zote.

Nguo zenye nembo ya kampuni zitakupeleka safu ya mwisho au zitafunikwa kwa utepe wa gundi, kwa kuwa mdhamini wa kipindi hakulipia tangazo la mshindani wake. Sare za vyama vya siasa usizilete isipokuwa umeambiwa, hasa mwaka wa uchaguzi. Na kina mama, someni kanga zenu kabla ya kuzivaa. Picha ya karibu ikikupata, maandishi ya kanga husomeka nyumba nzima. Mafumbo ya kumlenga jirani yanayopita bila neno mtaani yatasomwa na mkoa mzima, na mtayarishaji anayejua kazi yake atakuhamisha kabla kipindi hakijaanza.

Kofia pana na vilemba virefu huzuia wa nyuma. Bangili nyingi hulia karibu na kipaza sauti. Sketi fupi na safu ya mbele havipatani, kwa kuwa kamera nyingine huwa chini ya magoti. Uso usipake mafuta mazito: chini ya taa hung'aa, na hakuna mpambaji wa kumpitia kila mtu wa hadhira. Weka leso kavu mfukoni na ujifute kwa kugusa, si kwa kusugua.

Halafu kuna baridi. Mtu anatoka kwenye joto la Dar amevaa nguo nyepesi, anaingia chumba chenye viyoyozi vilivyowekwa chini kwa ajili ya mitambo na taa, na baada ya saa moja anatetemeka. Shati la mikono mirefu, kikoti au mtandio vinatosha. Viwe vya rangi inayofaa kamera, kwa sababu utavivaa kweli.

Kula saa moja kabla: wali, ugali, ndizi, chochote kinachoshibisha. Ndani hakuna kula, na mara nyingi hakuna kutoka hadi mapumziko. Maji yanywe kwa kiasi, na choo kiulizwe mapema, wakati bado mko mapokezi.

Getini na ndani

Mlinzi atataka kitambulisho: cha NIDA, cha mpigakura, leseni ya udereva au pasipoti. Nakala ya kwenye simu hukubaliwa hapa na kukataliwa pale, hivyo beba chenyewe. Salamu nzuri na subira hufungua mengi. Mtu anayeanza kwa kutaja jina la bosi anayemjua hujichelewesha mwenyewe. Huenda ukapewa fomu ya kukubali picha yako itumike. Isome, maana ukishasaini ni vigumu kuondolewa baada ya kipindi kurushwa. Kama una sababu ya kutoonekana, iwe kazi au kesi au usalama, mwambie mratibu hapo hapo, akuketishe nje ya upeo wa kamera. Ni ombi la kawaida na halimuudhi mtu.

Ndani, usichague kiti. Mratibu huwapanga kwa rangi za nguo, kimo na umri ili picha isiegemee upande mmoja, na hutenganisha marafiki wanaopiga soga. Ukishakaa, hapo ndipo pako hadi mwisho. Kipindi kinachorekodiwa hukatwa na kuungwa baadaye. Ukihama katikati, mhariri akiunganisha swali la mwanzo na jibu lililorudiwa, utaonekana umeruka kutoka safu ya pili hadi ya tano kwa kufumba na kufumbua. Mara nyingi yeye hulazimika kuitupa picha nzima. Viatu viwe vya kutulia pia, kwani majukwaa ya viti ni ya mbao na kila kisigino husikika. Nyaya za sakafuni ziruke, usizikanyage.

Simu izimwe. Mtetemo hautoshi: simu iliyo juu ya kiti cha plastiki ikitetemeka hulia kama ngoma, na simu inapotafuta mtandao karibu na waya wa sauti huleta ule mlio wa kukwaruza unaosikika spika zikisogelewa na simu. Fundi sauti akiusikia kipindi kinasimama, na watu mia wanakaa kungoja mwenye simu ajitokeze.

Mtu wa kumtazama ni msimamizi wa studio, anayeitwa na wengi floo meneja, mwenye vifaa vya kusikilizia masikioni na karatasi mkononi. Yeye ndiye mdomo wa mwongozaji aliyeko chumba cha pili mbele ya skrini nyingi. Mkono juu, vidole vimefunguliwa: kimya, tunaanza. Vidole vinavyohesabu kushuka: sekunde zilizobaki. Mikono inayozunguka hewani: makofi, na yaendelee. Kiganja kinachoshuka taratibu: yapungue. Kosa la hadhira mpya ni kuacha kupiga makofi mapema, mtangazaji hajafika kitini, na picha ikabaki na ukimya wa aibu. Pigeni hadi kiganja kishuke. Mikono iwe usawa wa kifua, isimzibe jirani uso.

Vigelegele vina mahali pake. Ni sauti kali inayopasua vipaza sauti vilivyoning'inizwa juu ya vichwa vyenu, na kwenye kipindi cha moja kwa moja hakuna wa kuirekebisha. Kabla ya kuanza, fundi huomba kwa kawaida makofi, kicheko na vigelegele ili apime. Toeni hapo kwa nguvu zote, msijibane. Kipimo kikichukuliwa kwa hadhira yenye haya, baadaye mkichangamka sauti itachanika.

Taa nyekundu juu ya kamera inaonyesha ndiyo inayorusha. Usiitazame. Tazama anayezungumza. Usitazame pia skrini ya ndani inayokuonyesha picha yako: ukijitafuta pale macho yanakwenda pembeni, na nyumbani unaonekana mtu asiyesikiliza. Kupunga mkono kunakatwa, na anayepunga hapigwi tena picha ya karibu.

Umeme ukikatika, kaa palepale. Jenereta huchukua sekunde chache, lakini kompyuta zinahitaji dakika kuamka, na baadhi ya taa hazikubali kuwashwa tena zikiwa bado za moto. Robo saa ni kawaida.

Ukipewa kipaza sauti

Usikinyakue. Mhudumu akikishika yeye, mwache akishike. Akikukabidhi, kiweke chini kidogo ya mdomo, upana wa vidole vinne, na usikigonge kujaribu kama kinafanya kazi. Sema jina na unakotoka, kisha swali moja. Swali zuri hutoshea sekunde ishirini, kwa hiyo liandike nyumbani, lisome kwa sauti, ukate utangulizi wote. "Kwanza kabisa napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu, pili niwashukuru waandaaji" imeshamaliza muda wako, na mtangazaji ataingilia ukiwa hujafika kwenye hoja. Jibu likitoka, usirudi kubishana bila kuitwa, kwa kuwa kipaza sauti kitakuwa kimeshazimwa na utaonekana ukitembeza midomo tu.

Kwenye kipindi cha mubashara neno likitoka limetoka. Maudhui ya utangazaji yako chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kituo ndicho kinachojibu mtu wa hadhira akimtukana mwenzake au akimtuhumu mtu kwa jina bila ushahidi. Uliza kwa ukali upendavyo kuhusu maji, mikopo ya halmashauri au nauli. Jina la jirani yako anayekudhulumu lipeleke kwenye ofisi ya serikali ya mtaa.

Saa zinazobaki

Kwa mwaliko wa alasiri Mikocheni, asubuhi inatosha Kijiji cha Makumbusho, kilichopo Barabara ya Bagamoyo, kwenye njia yako kabisa. Kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi, na saa mbili zinatosha bila kukimbia. Kutoka hapo Mwenge ni karibu: chakula cha mchana, wachonga vinyago ukitaka zawadi, na Mlimani City ukihitaji choo safi na kiyoyozi cha kubadilishia shati lililolowa jasho. Makumbusho ya Taifa, Barabara ya Shaaban Robert, na soko la samaki la Feri viko mjini, hivyo viwekwe siku inayofuata, asubuhi mapema. Kivuko cha Kigamboni nacho kiachiwe siku hiyo. Foleni ya magari pale haina ahadi, na hatushauri kabisa kuvuka siku ya kurekodi. Coco Beach na mihogo yake inafaa jioni, kama kipindi kilikuwa cha asubuhi.

Mkitoka usiku, kubalianeni mapema mtaondokaje. Baada ya saa nne daladala hupungua, na mitaa ya ndani ya Mikocheni haina vituo vyenye watu. Agiza gari au bajaji kwa programu ya simu ukiwa bado ndani ya geti, linganisha namba ya gari na ile ya kwenye skrini, ndipo utoke. Mkiwa wengi, gawaneni watatu watatu kwa bajaji hadi Mwenge.

Kabla ya kuondoka, muulize mratibu mambo mawili: kipindi kitarushwa siku gani, na kitawekwa kwenye mtandao au la. Kilichorekodiwa kinaweza kukaa wiki kadhaa kabla ya kurushwa, na tarehe hubadilika. Mwachie namba ya kiongozi wa kikundi, mtumie ujumbe wa shukrani kesho yake. Kikundi kilichofika mapema na kukaa kwenye viti vyake hupigiwa simu kabla ya wengine siku mtayarishaji anapopungukiwa watu, na hapo mtaalikwa bila kuomba.